Mkono wa Musyoka na Papa Mwenye Macho ya Kijani

Tulipomzika Musyoka pale Mukuyuni mwezi uliopita, watu walikuwa wengi mpaka nikadhani nusu ya Ukambani imehamia shambani kwa mtu mmoja. Mchungaji alihubiri kwa muda ambao mahindi yangeota, yakapaliliwa na kuvunwa. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni mwa turubai, karibu na akina mama waliokuwa wakipika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchanganywa na kunde, na macho yangu yalikuwa kwa ng'ombe mwekundu aliyefungwa kwenye ua wa minyaa. Huyo ndiye angechinjwa baada ya kaburi kufunikwa. Alikuwa mnene, anacheua bila haraka, kama mgeni aliyefika mapema na kuambiwa asubiri. Hapo mkono ukanigusa bega na sauti ya mwanamke ikasema, "Kilonzo, bado unakaa karibu na sufuria." Alikuwa Mwalimu Rehema. Nywele zilizochungulia chini ya mtandio zilikuwa nyeupe, lakini alisimama vile vile, wima kama mlingoti wa bendera. Ni wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani zikafanya biashara Kitui mjini, na ndiye aliyenifundisha sayansi katika gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, Mutomo. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Tukasalimiana, tukatazama jeneza la Musyoka, na nina hakika kwamba katika umati ule wote ni sisi wawili tu tuliokuwa tunafikiria samaki.

Mwaka huo wa samaki mimi na Musyoka tulifanya kazi slota ya Mutomo, yale machinjio ya mji. Usifikirie jengo. Ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita, sakafu ya saruji iliyopasuka, mfereji wa damu unaoelekea kwenye shimo, na ndege aina ya marabu ishirini waliosimama nje kama wazee wa kanisa wanaongoja kikao kianze. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Mbuzi walikonda mpaka ukimsimamisha mmoja mbele ya jua ungeweza kumtambua mtu aliyesimama upande wa pili. Wafugaji waliuza kila kitu chenye kwato kabla hakijajifia, na kwa hivyo tulichinja kutoka macheo hadi mikono ikaganda kwenye kisu. Nilikuwa nikilala naota makoo. Damu iliingia kwenye kucha, kwenye masikio, kwenye chai. Kwa Mama Kanini, ambako tulikula kila mchana, alikuwa amenitengea kikombe changu peke yangu kwa sababu wateja wengine walisema kinanuka machinjioni, na walikuwa wanasema kweli.

Watu walikuwa wamekasirika mwaka ule kwa namna ambayo sijaiona tena. Mtu akikukanyaga sokoni, hakusema pole, alikungoja useme neno ili akupige. Niliona wachuuzi wawili wa ngozi wakikatana mapanga kwa ajili ya ngozi moja ya mwana-mbuzi, ngozi ambayo haingetosha kushona kofia. Mmoja alipoteza vidole, na marabu waliviwahi kabla ya mwenyewe. Mimi ni mtu wa kucheka, hata wakati huo nilikuwa mtu wa kucheka, lakini nilikuwa nacheka huku nimeshika kisu.

Katika hayo yote Musyoka alikuwa na sheria moja. Kila jike lililoletwa, kabla kisu hakijatoka alani, aliliwekea kiganja cha kushoto ubavuni, nyuma ya mbavu za mwisho, akafumba macho na kupapasa. Hiyo ilikuwa desturi ya wachinjaji wote wa kwetu, ila wengine tulipapasa kama mtu anayejaribu embe sokoni. Musyoka alipapasa kama anayesikiliza. Akisema "yuko peke yake," kisu kilishuka. Akisema "wako wawili," mnyama alirudi nyumbani, hata mwenye mnyama alie. Na mchinjaji aliyefungua tumbo akakuta mimba alijulikana hatima yake: kisu chake kilichukuliwa, wafugaji walimpiga hapo hapo, na hakuna aliyekula naye sahani moja mpaka wazee wamtakase. Walisema damu ya namna hiyo hufunga mvua. Mwaka wa mvua nyingi unaweza kucheka maneno kama hayo. Mwaka ule hakuna aliyecheka.

Mzee Nzioka alileta mbuzi wake jike wakati kila mtu alikuwa tayari amechoka. Alikuwa mfugaji wa upande wa Ikutha, mtu mkubwa, na alikuwa amebakiwa na wanyama wachache tu kutoka kwa kundi lililokuwa likifunika kilima. Alisema jike ni tasa. Musyoka akapapasa, akasema, "Wako wawili, mzee. Pengine watatu." Nzioka akamwambia apapase tena. Akapapasa tena, jibu likawa lile lile. Basi Nzioka akamshushia fimbo ya mgongo ambayo nadhani Ikutha waliisikia, na Musyoka, ambaye sikuwa nimemwona akimpiga hata nzi, akageuka na kumpiga kichwa cha uso. Meno mawili yalianguka kwenye mfereji wa damu. Tuliwatenganisha watu sita, na mimi niliumwa kiwiko mpaka leo sijui na nani.

Siku chache baadaye Nzioka alirudi na mzoga wa yule jike mabegani. Alikuwa amekufa kwa njaa. Akamtupa mlangoni mwetu, akachomoa kisu chake mwenyewe na kumpasua mbele ya watu wote, na vitoto viwili vikateleza nje, vimekamilika hadi kwato. Akamwambia Musyoka, kwa sauti ya chini, "Sheria yako imeua wote watatu, na hakuna aliyekula. Siku utakayoivunja wewe, nitakuwepo." Musyoka alifunika vile vitoto kwa aproni yake, na jioni ile kwa Mama Kanini hakugusa chakula, nikala changu na chake.

Gumbaru yetu ilifanyika katika chumba cha darasa la tatu. Mchana kilikuwa cha watoto, jioni chetu, na tulijibana kwenye madawati ambayo magoti yangu yalifika masikioni. Tulikuwa askari mmoja, mpishi wa hospitali, akina mama wawili wa kanisani, mimi, Musyoka na wachache wengine wanaokuja na kupotea. Mwalimu Rehema alining'iniza karabai kwenye msumari na kutufundisha mwili wa panzi, wa chura, wa sungura. Kilichobaki kabla ya mtihani ni samaki, na kati yetu hakuna aliyekuwa amemwona samaki mzima. Wakamba wengi wa rika langu walimhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka. Mwalimu akasema atamwomba ami yake, ndugu ya babake aliyekuwa mvuvi Shimoni, atume samaki yeyote kwa lori linalopeleka ngozi zetu Mombasa.

Ami hakutuma samaki yeyote. Siku zile yeye na wenzake walikuwa wameanza kushusha kamba ndefu mbali na mwamba, kule bahari inakozama ghafla na mwangaza haufiki, wakiwinda papa wa chini kwa ajili ya mafuta ya ini. Kulikuwa na wanunuzi. Mafuta yale, Mwalimu alitueleza, yalikwenda ng'ambo kulainisha mitambo na kulainisha nyuso za wanawake. Basi ami akatuma mmoja wa hao, ndani ya sanduku la mbao lenye barafu na chumvi. Barafu iliisha kabla ya Kibwezi. Lori lilipopita Ikutha nzi wa mji mzima walipanda bila nauli, na lilipofika Mutomo Jumamosi adhuhuri, siku ya soko, kila mtu aliacha alichokuwa akiuza akafuata harufu mpaka shuleni.

Tulimlaza juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Urefu wake ulikuwa wa beberu mzima, rangi ya majivu, ngozi inayokwaruza kama msasa. Mdomo ulikuwa chini, na mbele ya kila pezi la mgongoni palikuwa na mwiba mgumu kama msumari wa reli. Lakini macho ndiyo yaliyonyamazisha watu. Yalikuwa makubwa na ya kijani, kijani cha chupa, na yaling'aa kana kwamba taa imewashwa nyuma yake. Mwalimu alisema ni kwa sababu anaishi gizani, anakusanya kila chembe ya nuru. Madirishani vichwa vilikuwa vimepangana kama matikiti. Katika dirisha la kati alikuwa Nzioka.

Mwalimu alimpa Musyoka kazi ya kupasua kwa kuwa kisu chake kilikuwa na makali kuliko wembe. Musyoka alimtazama yule mnyama kwa muda. Kisha, na hapa watu wa dirishani waliacha kunong'ona, akaweka kiganja chake cha kushoto tumboni. Akafumba macho. Mwalimu alitabasamu akidhani ni mzaha. Hakukuwa na mbavu za kumwongoza, hakukuwa na joto, na kila aliposukuma mkono ulizama katika kitu kizito na laini kutoka kooni hadi karibu na mkia. Akafumbua macho.

"Yuko peke yake," akasema, na kisu kikashuka.

Kile kizito kilikuwa ini. Sijawahi kuona ini kama lile na nimeona maini ya wanyama wote wa Kitui Kusini. Lilikuwa na ndimi mbili, kila moja ingetosha kuwa godoro la mtoto, na lilitiririka mafuta kabla hata hatujaliweka kwenye karai. Papa hana kibofu cha hewa, Mwalimu akaeleza, hayo mafuta ndiyo yanayomsaidia kuelea katika maji mazito ya huko chini. Mimi nilikuwa naandika huku nimeziba pua. Musyoka akasogeza ini lote pembeni, akaendelea kukata, na nyuma yake, pale ambapo mkono wake usingeweza kufika, akakuta mfuko wa uzazi. Ndani yake alilala mtoto wa papa, mwenye urefu wa mkono wangu toka kiwiko, amekamilika, macho yake ya kijani, na tumboni amefungiwa kifuko cha manjano kama kiini cha yai.

Kalamu yangu ilisimama. Musyoka aliweka kisu juu ya dawati, taratibu, mpini ukielekea dirishani. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Halafu akasimama na mikono yake chini, anangoja. Kule nje mtu mmoja akasema kwa Kikamba, bila kupaza sauti, kwamba Musyoka amechinja mimba.

Sikumbuki mlango ukifunguliwa, nakumbuka ukianguka. Waliingia wafugaji na fimbo, wachuuzi na mawe ya mizani, watu niliokunywa nao chai asubuhi ile. Askari wetu, ambaye peke yake alikuwa na kirungu cha serikali, alitoroka kupitia kidirisha ambacho paka angefikiria mara mbili. Mpishi alipigwa kiti cha kichwa akiwa bado anauliza kuna nini. Mimi nilipiga mtu wa kwanza na daftari, nikaona halisaidii, nikampindulia mwenzake karai la ini. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mafuta yalienea kwenye saruji, na lile kundi la kwanza lilianguka lote pamoja, la pili likaanguka juu ya la kwanza, na watu wakawa wanapigana wakiwa wamelala, wanateleza, wanashikana koo na kuponyokana. Nilisikia mkono wa mtu ukivunjika kama kuni kavu. Nikamshika papa mkiani kwa mikono miwili, tumbo lake wazi, nikamzungusha. Ndiyo, nilipigana kwa papa, na kama hamwamini yuko mchuuzi wa ngozi ambaye mwiba ule ulimpasua shavu mpaka magego yakaonekana. Alibaki na kovu lake, na aliniamkia vizuri tu miaka yote iliyofuata.

Musyoka hakuinua mkono. Walimpiga mabegani, mbavuni, akapiga magoti, na aliendelea kutazama mbele kana kwamba yuko kanisani. Nzioka hakuteleza. Alikuja akivuta miguu katika mafuta, polepole, na rungu lake likashuka juu ya jicho la kulia la Musyoka kwa mlio ambao hata sasa, mtu akidondosha boga, mimi husimama nilipo. Akaliinua tena. Na wakati liko juu, Mwalimu Rehema alikuwa ameingia katikati, kanzu yake imejaa damu na mafuta, na juu ya viganja vyake viwili alikuwa amemlaza yule mtoto wa papa.

"Mtazame kwanza," akamwambia. "Umekuja kwa ajili yake, mtazame."

Nzioka alitazama. Alikuwa anahema kama fahali. Nadhani mfugaji aliye ndani yake ndiye aliyeuliza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado na rungu hewani. "Mimba hii ni ya miezi mingapi?"

"Waliowachunguza wanasema inakaribia miaka miwili."

"Hata ng'ombe ni tisa." Akalishusha rungu kidogo. "Na anazaa wangapi?"

"Mmoja. Mara chache wawili. Na haanzi kuzaa mpaka awe amekomaa, miaka mingi."

Chumba kilikuwa kimetulia, isipokuwa wale walioumia. Nzioka alimgusa mtoto wa papa kwa kidole kimoja, kwenye kile kifuko. "Na huko kwenu," akauliza, "kabla ya kamba kushushwa, nani anapapasa?"

Mwalimu alinyamaza. Mwalimu akasema, "Hakuna. Anavutwa kutoka chini kabisa, na akifika juu amekwisha. Hata ukimrudisha majini harudi alikotoka."

"Basi huyu alikufa kabla ya kumfikia Musyoka," Nzioka akasema. Akageuka, akaketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, dawati likalia chini yake, akaweka rungu magotini na kuomba maji. Alipopewa hakunywa. Alimpelekea Musyoka amwoshe uso.

Jicho halikupona. Hospitalini walilitoa, na Musyoka alikaa wodini wiki nyingi, na mtu aliyemletea uji ni Nzioka, akitembea kutoka Ikutha. Papa na mtoto wake walizikwa nyuma ya shule, kwa sababu Nzioka hakukubali watupiwe marabu. Mvua ilinyesha baadaye, wala sisemi ilitokana na kaburi lile. Mimi ni mtu wa sayansi. Katika mtihani walituuliza samaki, na nilijibu kwa kurasa nyingi hivi kwamba nadhani msahihishaji alinipa cheti ili apumzike. Musyoka hakushika kisu tena. Alihamia Mukuyuni, na masoko yote ya huku yalimwita kupapasa tu. Watu walisema tangu apoteze jicho mkono wake ulikuwa unaona. Mwenyewe aliniambia kitu kingine, tukiwa tunakula kwake siku moja: kwamba kila mara alipofumba lile jicho moja, aliusikia ule uzito laini wa ini, na ndiyo maana alisubiri zaidi kuliko alivyohitaji.

Pale mazishini nilimuuliza Mwalimu habari za ami yake. Alisema mzee alicheka alipoandikiwa kisa chetu, akakisimulia pwani nzima, jinsi watu wa bara walivyouana kwa ajili ya mimba ya samaki. Kisha kamba zikaanza kupanda na mmoja pale palipokuwa na kumi, halafu na ndoana tupu. Wakaenda mbali zaidi, wakashusha ndefu zaidi. Mwishowe akauza mashine ya mashua. "Alinifia mikononi akiuliza lile swali la Nzioka, nani anapapasa," Mwalimu akasema. Tangu astaafu anazunguka kwa wavuvi akiwaambia neno moja tu. Huyu mnyama hana nafasi ya kupapaswa, dawa yake ni kuacha kabisa kushusha kamba kule anakoishi. Wengine wanamsikiliza, wengine wanamuuliza watakula nini.

Tulikuwa bado tunazungumza walipomleta yule ng'ombe mwekundu. Kaburi lilikuwa limefunikwa, watu wana njaa, na vijana wanne walimwangusha kwa kamba kwa ustadi wa kupendeza. Mchinjaji, kijana mwenye shati jeupe, alichomoa kisu na kuvuta kichwa nyuma. Mwalimu akanishika mkono. Niliruka masufuria mawili na wazee watatu, na ninavyokumbuka sikugusa ardhi, nikamwambia kijana angoje. Akasema, "Mzee, huyu amekaguliwa jana na mwenye duka la nyama." Nikapiga magoti mavumbini na suti yangu ya mazishi, nikaweka kiganja cha kushoto nyuma ya mbavu za mwisho, nikafumba macho. Sikusikia chochote. Watu walianza kuguna, na mjane wa Musyoka akawaambia wanyamaze. Nikangoja kama alivyokuwa akingoja yeye, zaidi ya inavyohitajika, mpaka kitu kidogo na kigumu kikanipiga teke katikati ya kiganja.

"Wako wawili," nikasema.

Siku ile tulikula muthokoi mtupu, watu wote wale, na kila aliyelalamika alilalamika kwa sauti ya chini.